Mlango wa nyuma wa trela uwe pia rampu ya kupandishia mashine: nipeni maoni kabla sijakata chuma

MtuWaMizigo
Wakuu, heshima kwenu.

Nina trela la ekseli moja nililojenga mwenyewe. Sakafu ina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.5, na kutoka ardhini hadi sakafuni ni sm 60. Kingo za pembeni zina kimo cha sm 40. Ekseli ipo mita 1.2 kutoka mwisho wa nyuma, na kutoka ekseli hadi kwenye kiungio cha gari ni mita 3 kamili.

Mizigo yake: mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia, kilo kama 250. Pikipiki. Na mara mojamoja kikorogeo cha zege ambacho tunakisukuma watu watatu huku tukilaumiana. Hadi leo napandishia kwa mbao mbili. Juzi ubao wa kushoto uliteleza mashine ikiwa katikati, nikabaki nimekaa kitini gurudumu moja liko hewani, kama mfalme aliyepinduliwa anayesubiri kuambiwa ashuke.

Nimechoka na mbao. Nataka mlango wa nyuma ambao ukisimama unafunga trela, ukilala unakuwa rampu. Nilivyowaza: fremu ya bomba la mraba la mm 40 kwa 40 lenye unene wa mm 2, juu yake bati nene la vinundu, urefu mita 1.2 ili usiwe mrefu sana ukisimama. Bawaba mbili za geti, kona moja kila upande. Je, bomba hilo litahimili?

KijanaMtundu
Naweka kigoda hapa. Mkuu, hiyo ya mfalme ungepiga picha.

Nukta_Tatu
Mkuu, kabla ya unene wa bomba tuangalie urefu, maana hapo ndipo ulipojichimbia shimo.

Kimo sm 60, rampu sm 120. Hiyo ni nyuzi 30. Kikorogeo cha kilo 300 kwenye nyuzi 30 mtakisukuma kwa nguvu ya kilo 150, na hapo sijahesabu msuguano. Ukienda mita 1.8 unapata nyuzi 19.5 na msukumo unashuka hadi kilo 100. Mita 2.4 ni nyuzi 14.5, kilo 75. Kwa hiyo kila sm unayoongeza inapunguza jasho, lakini inaongeza chuma, na hicho chuma wewe ndiye utakayekiinua kila siku.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau mpaka waisikie "kwaruu!" ya chini. Mashine ya nyasi ina tumbo la chini. Magurudumu ya mbele yakishafika sakafuni na ya nyuma yakiwa bado kwenye rampu, ile kona ya juu inaingia kati yao. Chukua nusu ya umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, zidisha kwa tanjenti ya nusu ya pembe. Kama umbali huo ni sm 120: kwenye nyuzi 30 kona inapanda sm 16 kuelekea tumboni, kwenye nyuzi 20 ni sm 10 na nusu, kwenye nyuzi 14.5 ni sm 7 na nusu. Pima nafasi iliyo chini ya visu vya mashine yako, vikiwa vimeinuliwa hadi juu kabisa, ndipo useme unataka rampu ya urefu gani.

MtuWaMizigo
Nimetoka kupima. Umbali wa magurudumu ni sm 122, nafasi chini ya visu ni sm 12. Kwa hiyo mita 1.2 imekufa kabla ya kuzaliwa. Mita 1.8 je?

Nukta_Tatu
Inapita, unabaki na sm 1 na kidogo. Na ukiwa na kijiinuko, rudisha trela ili ncha ya rampu itue juu yake. Ncha ikitua sm 20 juu ya usawa wa matairi, kimo kinabaki sm 40, na rampu hiyohiyo ya mita 1.8 inakuwa na nyuzi kama 13 tu. Madereva wazoefu hutafuta mahali pa kusimama kabla ya kutafuta misuli.

Sasa bomba. Tuseme gurudumu moja lenye kilo 150 limefika katikati ya bomba la mita 1.8, na bomba hilo linabeba peke yake. La 40 kwa 40 la mm 2 linapata mkazo wa megapaskali 180 hivi. La 40 kwa 40 la mm 3 linapata 130. La 50 kwa 50 la mm 3 linapata 79. Chuma laini cha kawaida kikifika 235 huanza kupinda bila kurudi. Utaniambia 180 bado iko chini. Ni kweli, kama mashine imetua kama unyoya. Gurudumu likiruka kipande cha kwanza, au kikorogeo kikipiga kishindo, zidisha mara mbili: 360. Hapo rampu yako itakuwa na tumbo maisha yake yote. Ile ya 50 inafika 158 na kurudi kama ilivyokuwa.

Mabomba manne ya 50, kwa urefu. Sio mawili.

MzeeWaTindo
Bati la vinundu toa.

MtuWaMizigo
Shikamoo mzee. Kwa nini? Si ndilo linalowekwa kila mahali?

MzeeWaTindo
Marahaba. Kila mahali pakavu. Lipake tope na umande uone pikipiki itakavyolala. Vile vinundu vinajaa tope dakika ya kwanza, baada ya hapo unapanda juu ya sabuni. Weka wavu wa chuma, ule mnene uliotanuliwa, tope lidondoke chini. Chini ya wavu weka vyuma vya pembe, mgongo ukiangalia juu, gurudumu lipate pa kung'ata.

Na upepo. Umeuwaza upepo? Mlango wa mita 1.8 ukisimama nyuma ya trela, ukiwa umezibwa na bati, hiyo ni tanga. Mashua yako itaenda kinyume.

Nukta_Tatu
Niongezee hapo kwa mzee. Mita 1.8 kwa upana wa mita 1.4 ni eneo la mita 2.5 za mraba. Kwenye mwendo wa km 80 kwa saa, bati lililozibwa likipata upepo wote linasukumwa na nguvu inayokaribia kilo 90. Gari la mbele litakinga sehemu, lakini usilitegemee. Nguvu hiyo iko katikati ya mlango, sm 90 juu ya bawaba, na wewe komeo zako zitakuwa kwenye kingo za sm 40. Kwa hiyo komeo mbili zinagawana kilo 200, sio 90. Ama upandishe nguzo za pembeni, ama uweke mkono wa mshazari kutoka kwenye ukingo hadi juu zaidi ya mlango. Wavu unapunguza upepo sana, ila hauondoi mitikiso ya barabara, na mitikiso nayo inauma komeo hizohizo.

KijanaMtundu
Alumini je? Wepesi, haina kutu, inang'aa.

Nukta_Tatu
Uzito wake ni theluthi moja ya chuma, lakini hata ukaidi wake ni theluthi moja. Bomba la 50 la chuma linazama kama mm 4 katikati kwa mzigo ule nilioutaja, la alumini la kipimo hichohicho linazama mm 12. Ukitaka lisizame unaongeza kina cha bomba. Na pale ulipochomelea, alumini nyingi hupoteza sehemu ya nguvu yake kwa sababu ya joto. Si mbaya, ila si kazi ya mtu anayejifunza kwenye rampu yake mwenyewe.

DadaGrenda
Nimesoma wote mnaongelea bomba, bomba, bomba. Hakuna aliyegusa bawaba, na ndipo rampu za namna hii zinapofia. Nimeletewa tatu kuzirekebisha, zote fremu nzima, bawaba zimeng'oka.

Kaka MtuWaMizigo, chukua kadibodi ngumu. Kata kipande chenye unene wa mlango wako, mm 50, kwa kipimo halisi. Kisimamishe wima kwenye ukingo wa meza, meza ndiyo sakafu ya trela. Kona ya chini ya ndani, ile inayogusana na ukingo wa meza, ichome pini. Hiyo ndiyo bawaba. Sasa kilaze kuelekea nje, polepole.

Mpaka kikilala sambamba na meza, safi. Endelea kukishusha kuelekea ardhini. Umeona? Kona ya chini ya kile kipande inajikita kwenye ubavu wa meza na inakataa. Kwenye nyuzi 20 inataka kuingia mm 17 ndani ya trela. Chuma hakiingii ndani ya chuma, kwa hiyo mlango unasimama hewani, ncha haijagusa ardhi. Halafu unapandisha mashine. Ile kona inakuwa egemeo, rampu yote inakuwa mtarimbo, na bawaba zako ndizo msumari unaong'olewa.

Wote watatu walioniletea walikuwa na kosa hilo. Mmoja alikuwa ameshabadilisha bawaba mara mbili, kila mara anaweka nene zaidi.

Dawa ni mojawapo: ama ukate miisho ya mabomba kwa mshazari ili kona ile isiwepo, ama usogeze mhimili wa bawaba nyuma mm 25 kutoka kwenye boriti ya mwisho ya trela. Mimi nafanya vyote viwili, maana kuna siku utasimama mahali ardhi imebonyea na rampu itataka kushuka zaidi ya nyuzi 20. Ule mwanya unaobaki uzibe kwa ulimi wa bati la mm 6 uliochomelewa kwenye trela, unaoishia karibu na bomba la bawaba. Bila ulimi, magurudumu madogo ya kikorogeo yataingia pale na mtalaumiana zaidi.

MtuWaMizigo
Dada, nimefanya hiyo ya kadibodi mezani saa hizi, mke wangu ananiangalia tu. Imekataa kabisa kushuka! Mimi ningechomelea vile vile na ningekuwa wa nne kwako.

DadaGrenda
Ungekuwa wa nne, na ungeanza kwa kusema "bomba ni jembamba".

Sasa bawaba zenyewe. Achana na za geti. Zile zimetengenezwa kubeba kitu kinachoning'inia, hii yako inakanyagwa. Tumia vipande vya bomba na fimbo moja ndefu ya mm 20 inayopita vyote. Seti nne, kila seti chini ya bomba moja la urefu, ili gurudumu likifika juu uzito uingie kwenye bawaba moja kwa moja na sio kuzunguka kupitia fremu. Fimbo ya mm 20 haina shida, ina eneo la milimita za mraba 314, kilo 300 kwake ni mchezo. Kinachokufa ni mshono mfupi wa weld uliowekwa upande mmoja tu. Zungushia.

Ukichomelea, fimbo iwe ndani ya vipande vyote, gusisha nukta nukta kwanza, zungusha mlango juu na chini, ndipo umalizie ukirukaruka upande huu na ule. Joto linavuta. Ukimaliza seti moja yote kwa mkupuo, utakuja kuitoa fimbo kwa nyundo na matusi. Acha ulegevu wa mm 1 au zaidi kati ya fimbo na bomba. Ule ulegevu ndio utakaosaidia ardhi ikiwa haiko sawa, maana mlango mgumu ukitua kona moja kwanza unataka kujisokota.

MzeeWaTindo
Dada kasema kweli. Na ncha ya chini apunguze. Bomba la mm 50 likitua chini linakuwa ngazi, gurudumu dogo linagoma. Kata kwa mshazari sm 15 za mwisho, funika kwa bati.

Mvutaji
Habari wadau. Mimi si fundi, mimi ni mtu wa kuvuta. Nimevuta matrela ya kila aina, na nina neno moja kuhusu huo mlango: mmeuhesabu kama daraja, sasa uhesabuni kama mzigo. Una kilo ngapi?

Nukta_Tatu
Mabomba manne ya mita 1.8 ni kilo 31. Vyuma vya pembe vitano vya 40 kwa 40 kwa 4, mita 1.4 kila kimoja, kilo 17. Wavu kilo 18 hivi. Jumla kilo 66, kabla ya komeo.

Mvutaji
Asante. Sasa hizo kilo 66 zimening'inia mwisho kabisa wa trela, mita 1.2 nyuma ya ekseli. Kiungio kiko mita 3 mbele ya ekseli. Maana yake zinainua mkono wa trela (ule wa mbele unaoshika kiungio cha gari) kwa kilo 26, saa zote, uwe na mzigo au huna.

Trela lenye uzito wa jumla wa kilo 700 linatakiwa kulalia gari kwa kilo 70 hivi, yaani asilimia 10, na wengi tunapenda izidi kidogo. Ukiondoa 26 hapo umeondoa zaidi ya theluthi. Trela lililokosa uzito wa mbele linaanza kutikisa mkia mwendo ukizidi, na likishaanza, dereva asiyejua anakanyaga breki kwa hofu na hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo siku ya kwanza na mlango mpya usipakie pale ulipozoea. Sogeza mashine mbele. Pima mkono kwa mizani ya kawaida ya kusimamia, weka gogo la kimo cha kiungio juu ya mizani, usome. Dakika tano.

Na kama bawaba ni hizi za dada, ambazo mhimili wake uko usawa wa sakafu, mlango unaweza kulala hata kwa ndani juu ya sakafu trela likiwa tupu. Ukilala hivyo katikati yake inakuwa sm 30 tu nyuma ya ekseli, na zile kilo 26 zinashuka hadi 6 au 7. Tanga la mzee nalo linatoweka. Upana wa 1.4 ndani ya kingo za 1.5 unaingia.

MtuWaMizigo
Hiyo ya kulaza ndani sikuiwaza hata kidogo. Asante sana kaka.

Mvutaji
Sijamaliza. Miguu ya nyuma unayo?

MtuWaMizigo
Hapana. Si trela linakuwa limefungwa kwenye gari?

Mvutaji
Limefungwa ndiyo. Wewe na mashine ni kilo 340 hivi. Ukifika ukingo wa nyuma, mita 1.2 nyuma ya ekseli, mnainua kiungio kwa kilo 136. Toa uzito wa mkono wenyewe, bado kama kilo 100 zinavuta makalio ya gari kwenda juu. Tairi za nyuma za gari zinapoteza mshiko, na kama breki ya mkono inashika tairi hizohizo na uko kwenye mteremko, umeelewa. Na trela ambalo halijafungwa ndio kabisa: niliwahi kuona mkono wa trela ukipaa mpaka usawa wa kidevu cha mtu aliyekuwa ameuegemea anavuta sigara. Sigara ilipona, meno mawili hapana.

Weka miguu miwili kwenye kona za nyuma za fremu, chini ya bawaba. Iwe ya kukunja, na ukiishusha acha mwanya wa sm 2 au 3 kutoka ardhini. Ukiikaza mpaka chini, mzigo ukishakaa springi za trela zinashuka na miguu inabanwa, hutaitoa bila jeki.

KijanaMtundu
Na usisahau kuikunja. Mimi nilitembea nayo. Nyuma yangu watu wananipigia taa na honi, nikadhani wananisalimia.

MtuWaMizigo
😂😂 Sasa kuinua kilo 66. Mimi mara nyingi niko peke yangu. Nifanyeje?

KijanaMtundu
Shokapu za gesi kama za buti ya gari. Unagusa tu, linapanda.

Nukta_Tatu
Haziwezi, ndugu. Kwanza tofautisha: kuinua ncha si kuinua mlango wote. Nusu inabebwa na bawaba, kwa hiyo mkononi unapata kilo 31 hivi mwanzoni, na zinapungua mlango ukishapita usawa wa sakafu kwenda kusimama. Ukitaka kusaidiwa robo tatu ya hiyo, na shokapu imeshika mahali ambapo mkono wake wa nguvu kutoka kwenye bawaba ni sm 15, unahitaji takriban nyutoni 1,370 kila upande. Za buti nyingi zimeandikwa mia chache. Zipo kubwa, lakini hizo zinasukuma vishikio vyake kila sekunde, hata trela likiwa limeegeshwa.

Waya na springi ndefu ni rahisi zaidi. Springi ndani ya bomba kando ya trela, waya unapita kwenye kapi juu ya nguzo ya nyuma, sm 40 juu ya sakafu, unashika mlango. Ukiushika sm 40 kutoka kwenye bawaba, kila upande unavuta kama kilo 90, ila springi itabidi irefuke sm 65, hiyo ni springi ya aina yake. Ukiushika sm 20 kutoka kwenye bawaba, kila upande ni kilo 140, lakini springi inarefuka sm 30 tu. Mimi ningechagua ya pili. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba mlango ukisimama waya unakuwa umelegea, haupigani na komeo.

Usitafute kuondoa uzito wote. Acha kilo 8 au 10 mkononi. Mlango mwepesi kupita kiasi unapaa wenyewe unapofungua komeo zinazoushika ukiwa umelala ndani.

MzeeWaTindo
Springi ni deni. Siku anatoa wavu kuubadilisha, mlango unakuwa mwepesi na springi hazijui. Zitamrushia usoni. Mimi ningegawanya mlango vipande viwili, kulia na kushoto. Kila kimoja kilo 33, ncha kilo 16. Mtoto wa shule anainua.

DadaGrenda
Mzee, nakubaliana nawe kwa mashine zenye magurudumu manne. Ila ana pikipiki na kikorogeo. Pikipiki ikipita katikati inakuta ufa wa vipande viwili unaoiangalia kama mdomo wa mamba.

MzeeWaTindo
Apitishe pikipiki upande mmoja.

DadaGrenda
Na yeye atembee wapi akiisukuma? Hewani? Upana wa 0.7 una pikipiki au una mtu.

MzeeWaTindo
Haya. Springi basi. Lakini aandike kwa rangi kubwa kwenye lile bomba: LEGEZA KWANZA.

Mvutaji
Taa na kibao cha namba viwekwe kwenye fremu ya trela, sio kwenye mlango. Waya unaopinda kila siku hukatikia ndani ya ganda lake, unaitafuta hitilafu wiki nzima. Na simama nyuma mlango ukiwa juu uhakikishe unaziona taa zote, mabomba yasizifunike.

MtuWaMizigo
Nimeandika vyote. Nakwenda kukata. Nitarudi.

(baada ya wiki tano)

MtuWaMizigo
Wakuu nimerudi. Umekamilika. Mlango mita 1.8 kwa 1.4, mabomba manne ya 50, wavu, pembe mgongo juu, bawaba seti nne na fimbo ya mm 20, mhimili umerudi nyuma mm 25 na miisho imekatwa mshazari. Kwenye mizani ni kilo 71, Nukta_Tatu ulikosea kwa kilo 5, naona ni rangi na tamaa yangu ya kuongeza weld.

Mashine imepanda. Tumbo halikugusa, ila nilisikia nyasi zilizoganda kwenye visu zikikwaruzika kwenye ulimi. Kikorogeo tulikipandisha watu wawili badala ya watatu, yule wa tatu alikuja akakaa tu kutoa ushauri.

Mkono wa trela ukiwa na mashine pale pa zamani ulisoma kilo 41. Nimeisogeza mbele sm 35, sasa unasoma 70. Mvutaji, bila wewe nisingepima.

Kilichonishinda ni fimbo ya bawaba. Niliambiwa nirukeruke, nikaona nimekwisha kuwa fundi, nikamaliza seti ya kulia kwa mkupuo. Ikanibana. Nimeitoa kwa nyundo ya kilo 4 na, dada, matusi pia yalikuwepo. Nikakata kipande kimoja na kukirudia.

DadaGrenda
Nilijua. Seti ya kulia daima. Mtu akifika huko amechoka na jua limezama.

MtuWaMizigo
😂 Hasa. Swali la mwisho: ukiwa umesimama unapiga kelele barabarani, kang'a kang'a kang'a, utadhani nimebeba kengele. Pini za komeo zina ulegevu kama mm 2.

MzeeWaTindo
Usizibe ulegevu wa pini, siku ya tope hazitatoka. Kata tairi bovu, funga kipande kwenye nguzo pale mlango unapoegemea, kiwe kinene kiasi kwamba lazima uusukume mlango kwa bega ndipo pini iingie. Mlango ukibanwa na mpira haulii.

MtuWaMizigo
Nimejaribu jioni hii, mzee. Kimya. Sasa naisikia ekseli, ambayo sikujua kama nayo inalia.

MzeeWaTindo
Hiyo fungua uzi mwingine. Na pini zifunge kwa mnyororo mdogo kwenye nguzo, utazipoteza.

MtuWaMizigo
Moja nimeshaipoteza jana.

DadaGrenda
Kawaida. Mnyororo huwa unafungwa kwenye pini ya pili.